Callejón de Hamel, Havana: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu uchochoro wa rumba na orisha

Tangu nirudi Kuba watu hawaachi kuniuliza na maswali yenyewe ni yaleyale, kwa hiyo nimeona bora niyaandike yote hapa, mtu akiuliza namwambia kasome pale. Nimeandika kama ninavyoongea. Kuna sehemu nimerefusha, mnivumilie, mahali penyewe napapenda mno na inaniuma nikiona mtu anasafiri masaa yote yale anafika anapiga selfi mbili tatu anaondoka hajui hata kapita kwenye nyumba ya nani.

Hivi ni wapi hasa?

Callejón kwa Kihispania ni uchochoro, kwa hiyo ni uchochoro wa Hamel. Uko mtaa wa Cayo Hueso, manispaa ya Centro Habana, katikati ya barabara za Aramburu na Hospital, karibu na San Lázaro na sio mbali na Chuo Kikuu cha Havana. Ni mfupi, mita 200 hivi, ukitembea bila kusimama unaumaliza kabla hujamaliza sigara, ila hakuna anayeumaliza bila kusimama. Kutoka mji mkongwe, Habana Vieja, unaweza kutembea kwa miguu ukifuata ile barabara ya baharini, Malecón, halafu unakata kuingia ndani. Mimi nashauri utembee, maana Centro Habana yenyewe ni somo, majumba ya kale yenye nguzo na nakshi, nguo zimeanikwa kwenye baraza za juu, wazee wanacheza domino nje, mtu anamwita jirani ghorofa ya tatu kwa kupiga mluzi.

Cayo Hueso ni mtaa wa watu wa kawaida, weusi wengi, wanaishi kwenye solar, yaani jumba moja limegawanywa vyumba vingi na ua mmoja wa kushirikiana, choo kimoja, bomba moja. Mtu wa Kariakoo au Magomeni ya zamani ataelewa haraka sana.

Nani alichora zile kuta?

Salvador González Escalona, alizaliwa Camagüey mwaka 1948, hakusomea chuo cha sanaa, alijifunza mwenyewe. Aprili 1990 alianza kuchora ukuta wa nyumba ya rafiki yake pale uchochoroni, watu wakapita wakaona wakapenda, majirani wakasema na kwangu chora, basi hakuacha tena mpaka uchochoro mzima ukajaa, kuta za ghorofa nyingi zimefunikwa kutoka chini mpaka juu, macho, samaki, mikono, ndege, nyuso ndani ya nyuso. Alifariki 2021. Kazi yake bado ipo palepale ukutani inapigwa jua na chumvi ya bahari.

Sasa naomba usipite haraka kwenye huo mwaka 1990. Wakati ule serikali ya Kuba ilikuwa ya kikana-Mungu, mwanachama wa Chama cha Kikomunisti kinachotawala hakuruhusiwa kuwa muumini, mtu alikuwa na madhabahu yake ndani kabatini amefunga mlango. Chama kilikuja kuruhusu waumini 1991 na katiba ikabadilishwa 1992. Kwa hiyo huyu bwana aliwachora orisha, wale wasimamizi wa Mungu wa imani za Waafrika wa Kuba nitakaowaeleza chini, barabarani, mchana, rangi zinapiga kelele, kabla mlango haujafunguliwa rasmi. Watu wengi wa Havana wanahesabu kwamba ndo mara ya kwanza imani za Waafrika wa Kuba kupewa ukuta wa hadharani. Ukishajua hilo hizo kuta huziangalii tena kama mapambo.

Mbona kuna mahodhi ya kuogea na vyuma chakavu kila mahali?

Kwa sababu rangi hazikuwepo. Alipoanza tu, Muungano wa Kisovieti ukavunjika na Kuba ikaingia kile wanachokiita Período Especial, mafuta hakuna, chakula hakuna, dukani hakuna kitu. Salvador akachora kwa rangi yoyote iliyopatikana, mpaka rangi za magari, na vitu vya kutupwa akavigeuza sanaa. Yale mahodhi ya chuma ya majumba ya zamani ameyakata akafanya mabenchi, mengine kayasimamisha ukutani kaandika maneno ndani yake, kuna magurudumu, mabomba, vipande vya mashine. Wengine wanasema ni umaskini tu huo. Mimi sikubali. Kwenye imani hizi chuma sio takataka, chuma kina mwenyewe, ni orisha anayeitwa Oggún, na kitu kilichoshikwa na watu miaka mingi kinabaki na kitu ndani yake. Kwa hiyo shida ilimsukuma ila imani ndo ilimwonyesha avifanyie nini.

Niende siku gani?

Jumapili, kuanzia saa sita mchana, ndo rumba, na inaenda mpaka saa tisa au zaidi kidogo. Siku nyingine ukienda utakuta kimya, wajukuu wanacheza mpira, unaangalia michoro kwa nafasi. Ningekuwa na muda ningeenda mara mbili, siku ya kazi asubuhi kwa ajili ya kuta na Jumapili kwa ajili ya ngoma, maana Jumapili watu ni wengi huwezi kuona ukuta vizuri. Fika mapema upate kivuli, jua la pale halina huruma.

Rumba ya pale ni kama ya Franco na Tabu Ley?

Hili swali nalipenda kuliko yote na jibu ni hapana, halafu ni ndiyo kwa mbali.

Rumba ya Kuba haina gita. Haina tarumbeta. Ni ngoma, mbao na sauti za watu basi. Kuna tumbadora, zile ngoma ndefu, kuna quinto ambayo ni ndogo na sauti yake kali, hiyo ndo inaongea na mchezaji, kuna vijiti viwili vinaitwa claves ndo vinashika wakati wa wimbo mzima, vikikosea vyote vimekosea, na kuna catá, kipande cha mwanzi au gogo kinagongwa kwa vijiti. Mmoja anaimba kuongoza, wengine wanaitikia. Ilizaliwa karne ya 19 Havana na Matanzas kwa wapakizi wa bandarini na watu wa kwenye solar, na zamani kama ngoma hakuna walipiga makasha, yale ya mbao yaliyoletwa na samaki wakavu wa chumvi, mpaka leo kasha wanalipiga na linaitwa cajón.

Aina zake kuu ni tatu. Yambú ni ya taratibu, wanacheza kama wazee, viungo vizito kwa makusudi. Guaguancó ni ya mwanaume na mwanamke, mwanaume anamzunguka mwanamke anamvizia halafu ghafla anarusha kiuno au mkono au kitambaa, hiyo inaitwa vacunao, na mwanamke kazi yake ni kujifunika kwa sketi au kiganja kabla hajapatwa, ukiona mwanamke fundi anavyokwepa huku anatabasamu utapiga makofi mwenyewe. Kwenye yambú hakuna vacunao kabisa, wenyewe wana wimbo unasema hivyo. Columbia ni ya kasi, kiasili ya wanaume, mmoja mmoja anaingia uwanjani anashindana na quinto, wengine wanacheza na visu au panga, hiyo asili yake ni mashambani Matanzas.

Sasa ya Franco ilitokeaje? Miaka ya 1930 na kuendelea zilikuja Afrika santuri za Kuba, zile za herufi GV, nyingi zilikuwa ni muziki wa son na sio rumba hasa, ila wauzaji waliandika rumba kwa sababu jina lilikuwa linauzika. Vijana wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville wakasikia wakasema mbona hii ya kwetu, wakaiweka kwenye gita na Kilingala, ikaja mpaka Dar na Nairobi, mengine mnayajua. UNESCO waliiandikisha rumba ya Kuba 2016 na ya Kongo zote mbili 2021. Ni ndugu, ila mmoja alikulia mbali.

Ni kweli pale ni mahali pa uchawi?

Hapana. Na naomba nikae hapa kidogo.

Hilo neno ndilo walilotumia wenye mashamba ya miwa. Watu walinyang'anywa jina, lugha, watoto, wakabatizwa kwa nguvu, na kitu pekee kilichobaki ni kile walichobeba kichwani, nyimbo, majina ya Mungu, majani gani yanatibu nini. Utumwa Kuba uliisha 1886, juzi tu hapo. Wakati wote huo wakikutwa wanaomba waliitwa wachawi na hata baada ya utumwa polisi waliendelea kuchukua ngoma zao. Sasa mimi Mwafrika nitoke kwetu nivuke bahari nikawaite tena kwa jina lile lile? Siwezi.

Pale kuna mila tatu kubwa zimechanganyika ukutani na inabidi uzitofautishe. Ya kwanza ni Regla de Ocha, wengi wanaiita Santería, hii ni ya Wayoruba ambao Kuba waliitwa Lucumí, ndo yenye orisha, na pamoja nayo kuna Ifá yenye makuhani wanaoitwa babalawo. Ya pili ni Palo Monte, ya watu wa Kongo, yaani Wabantu. Ya tatu ni Abakuá, hii ni jamii ya siri ya wanaume, asili yake ni maeneo ya Calabar, Nigeria ya leo, ilianzishwa Kuba mwaka 1836 kule Regla ng'ambo ya bandari, watu wa bandarini wengi walikuwa humo. Ukiona mchoro au mchezaji amevaa kifuniko cha uso chenye ncha juu kama pia, mavazi ya mistari na kengele kiunoni, huyo ni íreme wa Abakuá.

Mimi ni Mwislamu, au mlokole, nikienda nitakuwa nimeshiriki?

Hakuna atakayekuomba ushiriki. Jumapili pale ni rumba, na rumba ni burudani, ingawa nyimbo za orisha huwa zinaimbwa kufungulia. Ibada yenyewe inafanyika majumbani kwa watu na wewe hujaalikwa. Hutaombwa kusujudu wala kunywa wala kula chochote. Nilikuwa na rafiki wa Mombasa anaswali swala tano, alikaa kwenye benchi akasikiliza ngoma mpaka mwisho akaondoka na dini yake vilevile alivyokuja nayo. Dhamiri ni yako, kama moyo unakukataza usiende. Ila ukienda, usikae pale unanong'ona na kukunja uso, wanaona, na wewe usingependa mtu aje msikitini au kanisani kwako afanye hivyo.

Orisha ni kina nani na nitawajuaje ukutani?

Kwa imani yao Mungu mkuu yupo juu, Olodumare, na orisha ni kama wasimamizi wake, kila mmoja na sehemu yake ya dunia, rangi zake, siku zake, chakula chake. Rangi ndo ufunguo. Nyekundu na nyeusi ni Eleguá, mwenye njia panda, anafungua na kufunga milango, kila jambo linaanza na yeye, mara nyingi ana sura ya mtoto au kichwa kidogo chenye macho ya simbi. Kijani na nyeusi ni Oggún wa chuma. Buluu na nyeupe ni Yemayá, mama wa bahari. Manjano ni Ochún, mito, asali, uzuri, mapenzi. Nyekundu na nyeupe ni Changó, radi, ngoma, shoka lenye makali mawili, na chakula anachopenda ni bamia, Wakuba wanaiita quimbombó. Nyeupe tupu ni Obatalá. Oyá ni wa upepo na lango la makaburi, rangi zake ni tisa. Babalú Ayé ni wa magonjwa na kupona, mzee wa magongo mwenye mbwa wawili, huyo ukimwona nguo zake ni za gunia.

Kila mmoja alifichwa nyuma ya mtakatifu wa Kikatoliki ili bwana asijue. Changó akawa Santa Bárbara, sikukuu 4 Desemba. Yemayá akawa Bikira wa Regla, 7 Septemba, kesho yake 8 Septemba ni Ochún ambaye ni Bikira wa Caridad del Cobre, na Babalú Ayé akawa San Lázaro 17 Desemba. Bwana aliona wanapiga magoti mbele ya sanamu akaridhika. Walikuwa wanaongea na nani ni siri yao.

Kuna kitu chochote cha kwetu Wabantu pale?

Kipo na ndicho kilichonifanya nirudi mara ya pili. Watu wengi wakiongelea Kuba ni Wayoruba tu, ila ukiingia upande wa Palo masikio yanasimama. Mungu wanamwita Nsambi, Mkongo anasema Nzambi na mtu wa Lingala anasema Nzambe. Ngoma ni ngoma. Nyimbo zao za ibada zinaitwa mambo, ndiyo, mambo, kwa Kikongo ni maneno au masuala kama kwetu tu, na jina la ule mtindo wa dansi ulioenea dunia nzima limetoka kwenye mzizi huohuo. Mkubwa wa nyumba anaitwa tata. Mzungu ni mundele. Bilongo kwa Wakongo ni dawa, Havana imekuwa ni dawa ya kumfunga mtu.

Na nganga! Kwetu mganga ni mtu, kwao mara nyingi nganga ni chombo, sufuria kubwa la chuma lenye udongo, vijiti vya msituni, vyuma na mengine ambayo sio ya kuandika hapa, na mwenye kukitunza ndo tata nganga. Palo kwa Kihispania ni kijiti au mti. Pale Hamel kuna kona yenye sufuria la namna hiyo na vitu vya chuma vimechomoza, watu wengi wanapita wanadhani ni mapambo. Nilisimama pale na bibi mmoja wa mtaani, nikamwambia kwa Kihispania changu kibovu kwamba kwetu nganga ni anayetibu watu. Akanishika mkono. Akasema, kwa hiyo hatukukosea sana. Sijasahau.

Na wa pwani yetu je, walifika?

Walifika. Kwenye orodha za mataifa ya watumwa Kuba kuna watu walioitwa Macuá, ndo Wamakua hao, walichukuliwa Msumbiji, na ndugu zao wako mpaka leo Masasi na Mtwara. Meli za watumwa zilizidi kuja upande wetu karne ya 19 pale Waingereza walipobana magharibi. Kwa hiyo sio hadithi ya Wanigeria peke yao.

Halafu kuna njia ya kurudi. Mwaka 1965 Che Guevara na Wakuba zaidi ya mia, karibu wote weusi, walipita Dar es Salaam, Kigoma, wakavuka ziwa kuingia Kongo, na majina yao ya siri yalikuwa ya Kiswahili, wa kwanza Moja, wa pili Mbili, Che mwenyewe akawa Tatu. Na Zanzibar, Pemba, Kenya mnawajua madaktari wa Kikuba. Kwa hiyo ukisema África, Tanzania, au Kenya pale uchochoroni, sio jina geni, watakukalisha.

Wale waliovaa nyeupe kuanzia kichwani mpaka viatuni ni kina nani?

Ni iyawó, mtu aliyeingizwa kwenye Ocha karibuni. Mwaka mzima anavaa nyeupe, anafunika kichwa, ana masharti mengi ya kula, kutoka usiku, kugusana na watu. Usimpige picha. Usimpe kitu mkononi ghafla wala usimguse. Mimi siku ya kwanza niliinua simu, mama aliyekuwa naye akaweka kiganja mbele ya kamera bila kusema neno, nikaomba radhi, akaitika kwa kichwa. Hilo ni kosa sitaki ulirudie.

Picha kwa ujumla?

Kuta piga upendavyo. Mtu, omba kwanza. Madhabahu na lile sufuria, uliza. Wakikukatalia weka simu mfukoni, ndo hivyo.

Kuna kijana atakuja kunitembeza, nimkubali?

Atakuja, tena hata kabla hujafika, barabarani atakwambia leo kuna tamasha maalum. Hakuna tamasha maalum, ni Jumapili tu. Mmoja alinizungusha nusu saa ananieleza mambo mazuri kweli, mwisho akataja bei ambayo ningelala nayo hoteli siku mbili, tukabishana mpaka watu wakatugeukia. Toka siku hiyo naongea bei kwanza, mapema, kwa tabasamu, na nikikubali natoa bila kinyongo. Maisha kule ni magumu kwelikweli na mtu anayekueleza historia ya mtaa wake anastahili kulipwa. Kinachokera ni bei kujulikana mwishoni. Vinywaji nako uliza kabla hujaletewa, pana baa ndogo wanauza ramu iliyotiwa mrehani. Na kofia au ndoo ya wapigaji ikipita weka chochote, wamepiga jua la saa sita kwa ajili yako.

Pesa, beba noti ndogondogo za euro au dola pamoja na peso za Kuba. Ile sarafu ya pili iliyoitwa CUC ilifutwa 2021, mtu akikurudishia chenji ya CUC amekupa karatasi. Kadi za benki za Marekani hazifanyi kazi.

Naweza kununua shanga za orisha nikavaa?

Za kumbukumbu zinauzwa, nunua. Ila elewa kwamba mkufu wenyewe wa ibada hauuzwi hivyo, unapewa na mlezi wako wa dini, padrino au madrina, baada ya shughuli, umeoshwa na majani. Ukivaa wa dukani ukakutana na mtu anakuuliza mlezi wako nani, sema kweli, ni zawadi ya safari. Usijifanye.

Nimeambiwa naweza kutazamiwa na babalawo palepale.

Mashaka yangu yako hapo. Kutazamiwa kwa Ifá ni kazi ya mtu aliyesoma miaka, ana kumbukumbu ya aya nyingi kichwani, na unaenda kwake kwa kupelekwa na mtu anayemjua. Anayekuokota barabarani akakwambia naona giza juu yako, huyo anaona pochi yako. Wenyewe wenye dini wanachukia hao kuliko sisi tunavyowachukia.

Mwanamke peke yake anaweza kwenda?

Anaweza, mchana. Atatongozwa kwa maneno mengi, mengi ni mdomo tu. Kuna wanawake wanaopiga rumba vizuri sana siku hizi, na kuna kundi la wanawake la Obini Batá lililoanza miaka ya 90 kupiga batá, zile ngoma tatu zenye ngozi pande mbili, iyá, itótele na okónkolo. Kumbuka tu kwamba batá zilizowekwa wakfu wanawake hawazigusi kwa mila, na wewe mwanaume mgeni pia usizichezee. Mambo haya wanabishana wenyewe kwa wenyewe, sio kazi yetu kuamua.

Viza na safari ikoje?

Kifupi. Siku hizi ni viza ya kielektroniki, na kabla ya kuruka unajaza fomu ya D'Viajeros mtandaoni. Ubalozi wa Kuba upo Dar na upo Nairobi, waulize wenyewe kwa pasi yako. Bima ya afya lazima. Ukitokea nchi yenye homa ya manjano beba kile cheti cha njano cha chanjo. Mnaopitia Ulaya angalieni viza ya kupita kabla hamjalipa tiketi, wengi wameumia hapo. Na nyie ndugu mlioko Uingereza au Ujerumani mwenye pasi za huko, sikilizeni, aliyekanyaga Kuba kuanzia 12 Januari 2021 hawezi tena kuingia Marekani kwa ule ruhusa ya haraka ya ESTA, itabidi aombe viza kamili ubalozini. Hili hawakwambii kwenye matangazo ya hoteli.

Umeme?

Unakatika, tena sana. Oktoba 2024 gridi nzima ya taifa ilianguka. Beba tochi, pawabenki, dawa zako zote, hata panadol. Fuatilia hali kabla ya kukata tiketi kwa sababu mafuta yakiadimika kila kitu kinasimama. Rumba yenyewe haihitaji umeme.

Nimeona ndizi, peremende na sarafu chini ya mti, ni nini?

Sadaka, usiokote. Mti mkubwa wenye mizizi kama kuta ambao wanauheshimu kupita yote ni ceiba, na ceiba ni msufi huuhuu wetu wa kutolea sufi za mito. Tarehe 16 Novemba watu wa Havana wanapanga foleni pale El Templete, jengo dogo la kumbukumbu Habana Vieja lenye ceiba yake, kuuzunguka mara tatu kimya kimya huku wakiomba moyoni.

Nikibakiza siku moja nipeleke wapi?

Panda lanchita, kivuko kidogo cha bandarini, uende Regla. Ukishuka tu unaona kanisa la Bikira wa Regla, Bikira mweusi amebeba mtoto mweupe, na nje kwenye ukuta wa bahari wanakaa kina mama wanaongea na maji, ndo Yemayá huyo. Hapo hapo Regla ndo ilipozaliwa Abakuá. Ukipata usafiri endelea Guanabacoa, makumbusho ya mji ina vitu vingi vya dini hizi. Habana Vieja kuna Casa de África, barabara ya Obrapía, ilifunguliwa 1986. Na kama unaweza kufika Matanzas, hasa ukikuta kundi la rumba la Los Muñequitos wanapiga, wale wapo tangu 1952, basi Havana isubiri, panda gari uende.